Rufaa ya Fundi Meno

Kuna watu wanaofungwa kwa kuiba, na kuna wanaofungwa kwa kusingiziwa. Fundi Meno alifungwa kwa kujisifu, tena mbele ya hakimu, tena kwa jambo ambalo hakuulizwa. Mkewe alikuwa ameketi benchi la nyuma siku hiyo, na mpaka leo akisimulia hushika kichwa kwa mikono yote miwili.

Meno ni jina la utani. Yeye ni fundi wa funguo, na kwa kuwa ufunguo una meno, na mazungumzo mengine zaidi ya hayo hana, watu wakamwita hivyo. Mgeni mmoja aliwahi kumfuata kibandani huku ameshika shavu, anataka kung'olewa jino. Meno alimkalisha kwenye stuli, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kama kitasa cha nyumbani kwake kinafunga vizuri. Ndivyo alivyo, na mkewe alijua hivyo tangu siku ya posa, kwa hiyo hawezi kusema alidanganywa.

Kibanda kilikuwa kwenye kona ya soko, kati ya muuza betri na mshona viatu. Ndani mlikuwa na jiliwa la kubania, tupa za kila ukubwa, na ukuta mzima wa funguo mbichi ambazo hazijakatwa meno. Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wamefungua duka lenye mashine ya kukatia funguo, inayopiga kelele na kutema ufunguo kabla mteja hajamaliza kupiga mwayo. Meno hakutaka hata kuisikia. Yeye alikata kwa mkono, tupa na jicho, na akimaliza alichora kwenye kichwa cha ufunguo alama yake, mistari miwili midogo inayopishana. Maana yake ilikuwa kwamba ufunguo huo ukikataa mlangoni, mrudishie, ataurekebisha bure hata ikipita miaka. Nusu ya mji ilikuwa ikitembea na mistari ile mfukoni.

Basi wezi wakaingia nyumbani kwa mwenye duka la vitambaa bila kuvunja kitu. Walifungua mlango kistaarabu kabisa, wakabeba televisheni na vyerehani, wakauacha ufunguo ukining'inia kwenye kitasa. Ulikuwa na mistari miwili inayopishana. Polisi hawakuumiza vichwa. Walimwuliza mtu wa kwanza waliyekutana naye sokoni, naye akawanyooshea kidole kibandani.

Mahakamani, mwendesha mashtaka alimwonyesha ule ufunguo na kumwuliza kama anaufahamu. Mtu mwingine angesema haufahamu, au angesema funguo ziko nyingi duniani, au angenyamaza tu, maana haki ya kunyamaza alikuwa nayo. Meno aliomba aushike. Akavaa miwani. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha dole gumba kwenye meno yake taratibu, akatabasamu. Mkewe aliliona lile tabasamu akajua wamekwisha.

"Wangu huu," Meno akasema. "Mji huu hakuna mtu mwingine anayekata namna hii."

Na kana kwamba hayo hayatoshi, akaongeza, "Huu, mheshimiwa, hauhitaji nguvu. Unauingiza tu, mlango unaitika."

Kalamu ya hakimu ilikimbia. Meno alipoulizwa ni nani aliyemwagiza ufunguo huo, alifikiri kwa dhati, akasema hakumbuki. Funguo anazikumbuka zote, ila sura za watu zinamtoka. Hakimu akaandika na hilo. Hukumu ilipokuja ikasema mshtakiwa amekiri kwa kinywa chake, tena kwa majivuno, na kwamba kusahau kwake ni kwa makusudi. Miaka mitatu. Ana haki ya kukata rufaa.

Maneno hayo ya mwisho hakimu aliyatamka huku anafunga faili, kwa sauti ya mtu anayemwambia mgeni karibu tena. Lakini mke wa Meno aliyashika yaleyale, maana kati ya yote yaliyosemwa asubuhi ile ni hayo tu yaliyokuwa na mlango. Alimtazama mumewe akishushwa ngazi, akatazama ile mikono iliyotiwa pingu, akawaza miaka mitatu ya jembe. Siku ya kwanza ya kumtembelea gerezani alikuta viganja vimeshachubuka. Fundi wa tupa akishika jembe miaka mitatu, vidole vinakakamaa, na akitoka hana kazi ya kurudia. Kwa hiyo rufaa haikuwa jambo la kutafakari.

Mwanamke huyu ni msusi. Ana chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, kioo kirefu chenye ufa, viti vya plastiki, na wateja ambao wakishakaa hawana pa kwenda mpaka kichwa kiishe. Hapo ndipo alipomwaga ya moyoni kila siku. Tatizo ni kwamba akikasirika mkono unakaza. Wateja walijifunza kumwuliza habari za rufaa wakati wa kuondoka, siyo wakati wa kusukwa.

Na ya kumkasirisha yalikuwepo. Ili ukate rufaa unahitaji nakala ya hukumu, na nakala ya hukumu iko kwa karani wa masjala. Karani huyo alikuwa mpole kupindukia, na hilo ndilo lililomuudhi msusi kuliko yote, maana mtu mpole unamgombeza vipi?

"Mama, haijachapwa bado. Mchapaji yuko likizo. Njoo kesho."

Kesho yake mchapaji karudi, wino wa mashine umekwisha. Mara nyingine wino upo, faili halionekani, limepanda juu kusainiwa. Akipanda juu anaambiwa limeshuka. Msusi alipanda na kushuka zile ngazi mpaka mlinzi mmoja akadhani ni mfanyakazi mpya, akamtuma chai.

"Na siku zangu za kukata rufaa?" akamwuliza karani.

"Zinahesabika, mama. Zilianza kuhesabika siku ya hukumu."

"Zinahesabika wakati hukumu yenyewe hamnipi?"

"Ndio utaratibu, mama yangu," karani akasema kwa huruma ya kweli, na msusi akatamani kumpiga na mkoba.

Hatimaye akaipata, na kuipeleka kwa wakili wa msaada wa kisheria, binti mdogo mwenye mafua yasiyoisha na ofisi iliyojaa mafaili mpaka dirishani. Wakili alisoma, akapenga kamasi, akasema kuna njia. Ile mistari miwili si uthibitisho wa chochote. Mtu yeyote mwenye msumari anaweza kuichora. Kwenye rufaa wao watasema mrufani, yaani Meno, alikuwa na woga kizimbani, macho hayaoni vizuri, hakuwa na uhakika kama ufunguo ni wake. Ufunguo ukishaanguka, kesi yote imeanguka. Akaandika sababu za rufaa, akampa msusi karatasi zikatiwe dole gumba la Meno gerezani, ndiyo sahihi ya mfungwa.

"Usichelewe, mama," akasema. "Zimebaki siku za kuhesabu."

Msusi alikwenda karibu anakimbia. Chumba cha wageni gerezani kina benchi kila upande na wavu katikati, na askari anayejifanya hasikilizi. Meno alipokea karatasi, akavaa miwani, akasoma neno kwa neno. Alipofika katikati, dole likarudi mfukoni.

"Hapa pameandikwa sikuwa na uhakika."

"Ndiyo."

"Nilikuwa na uhakika."

"Baba watoto, tia dole."

"Na hapa, eti mtu yeyote anaweza kuichora alama yangu. Mtu yeyote gani? Hebu mlete hapa aichore nimwone."

"Tia dole, nakuomba."

"Sitii."

Alimbembeleza. Akamkumbusha watoto. Akamtishia. Muda ukaisha, askari akagonga benchi kwa rungu, na Meno akazipitisha karatasi chini ya wavu zikiwa safi kama zilivyokuja. Msusi alirudi mjini amebana meno mpaka taya zikamuuma, akamsuka mteja aliyekuwa akimsubiri, na mteja huyo alilala ameketi usiku huo.

Asubuhi akaja wifi yake, dada wa Meno, mwanamke wa sauti kubwa na ushauri mwingi. Alikuja kumtetea kaka.

"Wifi, umwelewe tu. Kaka yangu tangu mdogo hasemi uongo."

"Wifi, kaka yako tangu mdogo hafungi mdomo. Hivyo ni vitu viwili."

"Sasa unataka akane kazi yake mwenyewe?"

"Nataka arudi nyumbani! Akifika mlangoni akane au asikane, shauri yake. Wewe unalala na mumeo, mimi nalala na jiliwa, maana nimelihamishia chumbani lisiibiwe."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Kwa kweli alikuwa amefika mwisho. Usiku hapati usingizi, mchana hapati pumzi, na mtu pekee aliyeweza kumsaidia ndiye aliyekuwa amekaa nyuma ya wavu akitetea heshima ya kipande cha shaba. Siku za rufaa zilikuwa zinakwisha, naye hana la kufanya isipokuwa kurudi kulekule. Akarudi, na safari hii hakubembeleza.

"Nisikilize wewe mwanaume. Mimi nimepanda ngazi za mahakama mpaka viatu vimeisha. Nimetumwa chai na walinzi. Wanao wanaulizwa shuleni baba yako kaiba nini. Na wewe umekaa hapa unaona fahari! Ufunguo! Ufunguo unakupikia? Ufunguo umekuzalia? Kama unaupenda hivyo ungeuoa!"

Askari aliacha kujifanya hasikilizi. Meno aliinamisha kichwa, akaviangalia viganja vyake, na alipoanza kusema sauti yake ilikuwa ya chini mno.

"Mlango wa mama yako nani kakata ufunguo wake?"

"Wewe."

"Wa zahanati? Wa mwalimu mkuu? Wa chumba chako cha kusukia?"

"Wewe, wewe, wewe. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo watu wale wanalala usingizi kwa sababu ya ile mistari. Wanajua mwenyewe yupo. Nikisimama mbele ya jaji nikasema mtu yeyote mwenye msumari anaweza kuichora, nikatoka, nitarudi kibandani kufanya nini? Nani ataniletea ufunguo wa nyumba yake? Mimi nataka kutoka, mama watoto. Nataka sana. Kule ninakolala hakulaliki. Lakini nikitoka kwa mlango huo, nimetoka bila kazi."

Msusi aliingiza mkono kwenye mkoba, akaugusa ufunguo wa chumba chake cha kusukia, kidole kikapita juu ya mistari miwili. Hakuna kitu kilichowahi kumuudhi katika ndoa yake kama mistari ile. Aliondoka bila kuaga, akatembea kwa miguu mpaka kwa wakili, akamwekea karatasi mezani.

"Amekataa. Andika kwamba ufunguo ni wake."

Wakili alishusha kitambaa cha mafua. "Mama, tukikubali ufunguo ni wake, tumebaki na nini?"

"Sijui. Wewe ndiye uliyesoma."

Wakili alivuta pumzi kwa shida, akaivuta nakala ya hukumu, akaanza upya kwa uso wa mtu aliyeonewa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Alipofika kwenye ushahidi wa polisi akarudi nyuma, akasoma tena, na kalamu ikaanza kugonga meza.

"Haya. Amekata ufunguo. Nani kasema aliingia ndani?"

"Hakuna."

"Nani kamwona? Televisheni imekutwa kwake? Cherehani?"

"Kwetu hakukukutwa hata uzi."

"Nani alimwuliza mwenye nyumba funguo zake ni ngapi, na nani wanazo? Hakuna! Hakimu alisikia majivuno, akaishia hapo." Sasa binti alikuwa amesimama, mafua kayasahau. "Kukata ufunguo ndiyo kazi yake, mama! Kazi yake anaijua, anaikubali, ana leseni ya soko. Kuiba ni jambo jingine, na hilo halikuthibitishwa na mtu yeyote. Hii ndiyo rufaa. Tungeshikilia ile ya kwanza jaji angetutupa nje."

Msusi hakufurahi hata kidogo. Alikuwa anawaza kwamba sasa itabidi amwambie mumewe kuwa ubishi wake umesaidia, na kwamba hilo atalisikia mpaka kaburini. Meno alitia dole bila neno, na karatasi zikapokelewa masjala siku ya mwisho kabisa, karani akisema kwa upole, "Umewahi, mama."

Kuwahi kwenyewe kulikuwa kwa kungoja. Tarehe ya kwanza ya kusikilizwa jaji alikuwa safarini. Ya pili wakili wa serikali alikuwa na udhuru. Ya tatu walikuwepo wote, ila faili lilibaki mahakama ya chini, na hakuna aliyejua nani alipaswa kulileta. Miezi ikapita hivyo. Kila mara Meno alishushwa kwenye gari la magereza, akaketi, akapandishwa tena. Kila mara viganja vyake vilikuwa vigumu zaidi. Msusi aliacha hata kulalamika, akawa anasuka kimya, na wateja wakaona hilo ni baya kuliko kukaza mkono.

Siku ilipofika kweli, wakili aliwaonya jambo moja. Baada ya mawakili kumaliza, jaji anaweza kumwuliza mrufani kama ana la kuongeza. Aseme hana, kwa sababu hoja zimeshaandikwa na zimekaa vizuri. Kingine chochote atakachosema ni hatari.

Msusi alimwelewa vizuri sana. Alimwahi mumewe kwenye ujia kabla hajaingizwa.

"Niapie. Jaji akikuuliza, unasema nini?"

"Sina, mheshimiwa."

"Rudia."

"Sina, mheshimiwa."

"Na ukiuona ule ufunguo?"

Meno aliangalia pingu zake. "Sina, mheshimiwa," akasema.

Jaji alikuwa mama wa makamo aliyesoma kila kitu kabla ya kuingia, jambo lililomshangaza hata wakili. Binti alizungumza vizuri, alipiga chafya mara chache tu. Kisha akasimama wakili wa serikali, kijana mnadhifu, akakiri kwamba kweli hakuna ushahidi kuwa mrufani aliingia kwenye nyumba ile. Angeketi hapo yangekwisha. Lakini alitaka naye aonekane kafanya kazi, akakishika kile kielelezo, ule ufunguo, kwa vidole viwili, akakiinua juu.

"Isitoshe, mheshimiwa jaji, chenyewe ni kitu cha kukwanguakwangua kwa mkono. Hakina ubora wowote. Ni bahati tu kwamba kilifungua mlango."

Kule kizimbani mgongo wa Meno ulinyooka. Msusi alikiona kichwa kikiinuka, akauma mtandio wake. Wifi, aliyeketi ubavuni pake, alimfinya paja mpaka likafa ganzi.

"Mrufani," jaji akasema, "una la kuongeza?"

Meno aliutazama ufunguo. Aliutazama kwa muda mrefu hata wakili wake akafumba macho. Mdomo ulifunguka. Kisha akageuza shingo, akamtafuta mkewe kati ya mabenchi mpaka akampata, akamtazama.

"Sina, mheshimiwa."

Sauti ilitoka ya mtu mwingine. Ndiyo yaliyokuwa maneno ambayo msusi alimwapisha ayaseme, na alipoyasikia hakuona raha aliyoitegemea. Katika miaka yote ya ndoa hajawahi kumwona mtu huyu akiacha kazi yake itukanwe bila kujibu. Sasa alikuwa amemwona, na aliyemfunga mdomo ni yeye. Alitamani kusimama amjibie.

Jaji hakuahirisha. Alisema kukata ufunguo ni kazi, na kuipenda kazi si kosa la jinai. Kwamba mahakama ya chini ilimhukumu mtu kwa namna alivyosema badala ya alichofanya. Rufaa imekubaliwa. Hatia imefutwa, adhabu imetenguliwa, mrufani aachiwe huru mara moja. Wifi alipiga ukelele, akaambiwa anyamaze, akapiga mwingine.

Pingu zilipofunguliwa, Meno alitoka nje kwa ngazi za mahakama, jamii ya zile zilizommalizia mkewe viatu. Alikuwa amepungua, shati linapwaya. Wifi alimkumbatia, wakili alimpa mkono na mafua yake, watu wakasema ya kusema. Yeye aliitikia yote kwa kichwa tu. Msusi alikuwa amejiwekea hotuba kwa ajili ya siku hii. Aliitunga miezi yote ile, akaipunguza, akaiongeza, akaijaribu mbele ya kioo chenye ufa; alikusudia kumpa vidonge vyake kimoja baada ya kingine mpaka wafike nyumbani.

Walitembea mpaka nyuma ya jengo la mahakama, wawili tu. Mumewe alikuwa anatazama ardhi, mikono imening'inia.

"Sema," msusi akamwambia.

"Niseme nini?"

"Ulichokimeza mle ndani. Sema."

Meno alisimama. Alimtazama kuona kama anatania.

"Kukwanguakwangua," akasema polepole. "Amesema ni cha kukwanguakwangua."

"Nimesikia."

"Na bahati. Eti bahati! Mama watoto, ile shaba niliichagua mimi, nikaipima mara tatu kabla sijaigusa..." Na akaanza. Msusi alimshika mkono, kile kiganja kilichokuwa kigumu kama gome, wakavuka barabara. Habari za funguo alizichoka kuliko mtu yeyote duniani, na kila mtu mjini alijua hivyo. Mumewe alipotulia kidogo kuvuta pumzi, akamwuliza, "Na meno yake? Uliyakata vipi?"